Bastola ya Kwanza ya Mwanamke: Thika na Ruiru

Bastola ya kwanza ya mwanamke, kwa maana ya makala hii, ni silaha ya mkononi anayoichagua raia wa kike ambaye hajawahi kupiga shabaha, ili aimiliki kihalali chini ya Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114. Uchaguzi huo una pande mbili: kile ambacho sheria inaruhusu na kile ambacho mkono wake unaweza kukitawala. Wengi huhangaikia upande wa kwanza peke yake. Wa pili wanamwachia mume, kaka au muuzaji, na hapo ndipo makosa mengi huanzia.

Thika na Ruiru ni miji ya Kaunti ya Kiambu, kando ya barabara kuu inayotoka Nairobi kuelekea kaskazini. Ruiru imezoea silaha kuliko miji mingi ya Kenya. Hapo kuna chuo cha mafunzo cha Idara ya Magereza na kambi ya Recce, kikosi maalumu cha polisi wa GSU, na Aprili 2021 Rais Uhuru Kenyatta alifungua kiwanda cha bunduki chenye uwezo wa kutengeneza bunduki 12,000 kwa mwaka. Thika nayo ina kambi ya jeshi. Hata hivyo, bunduki za kiwanda hicho ni za vikosi vya usalama. Raia hununua bastola iliyoagizwa kutoka nje, kwa mfanyabiashara wa silaha mwenye leseni.

Cheti

Sheria inakataza mtu kununua au kuwa na silaha bila cheti. Tangu mabadiliko ya sheria za usalama ya mwaka 2014, yenye mamlaka ya kutoa cheti hicho ni Bodi ya Kutoa Leseni za Silaha. Mwombaji anatakiwa kuonyesha sababu ya msingi ya kutaka silaha, na bodi iridhike kwamba kumpa hakutahatarisha usalama wa umma. Mlevi wa kupindukia na mtu asiye na akili timamu hawapewi. Mwombaji hupeleka pia cheti cha tabia njema kutoka Idara ya Upelelezi wa Jinai, hupimwa afya ya akili, huchunguzwa na maafisa wa usalama wa eneo lake, kisha hutakiwa kuonyesha kwamba anaweza kuitumia silaha.

Cheti ni cha mtu binafsi na hutaja silaha yenyewe pamoja na idadi ya risasi anazoruhusiwa mwenye cheti. Kwa hiyo mke hawezi kubeba bastola ya mumewe kwa sababu tu wanaishi nyumba moja, wala binti hairithi ya babake bila kupitia utaratibu. Kupata cheti pia si mwisho wa safari. Desemba 2018 Waziri wa Usalama wa Ndani, Fred Matiang'i, aliagiza raia wote wenye silaha wahakikiwe upya, na waliokuwa wamezoea kuchukulia leseni kuwa mali yao ya kudumu wakajikuta katika foleni moja na waombaji wapya.

Silaha zilizo nje ya utaratibu huu ni nyingi mno. Shirika la utafiti la Small Arms Survey lilikadiria mwaka 2017 kwamba raia wa Kenya walikuwa na silaha takriban 750,000, na zilizosajiliwa zilikuwa sehemu ndogo sana ya hizo. Mwanamke akiambiwa mtaani kwamba anaweza kupatiwa bastola ya "Ceska" ya bei nafuu bila makaratasi, ajue anauziwa kifungo, na pengine silaha iliyokwisha kuua.

Mkono kwanza

Kosa la kawaida ni kudhani kwamba mwanamke anafaa bastola ndogo. Fizikia inasema kinyume. Risasi ileile ikipigwa kwa bastola yenye nusu ya uzito, nguvu ya silaha kurudi nyuma huongezeka maradufu. Kibastola kinachoingia mfukoni humpiga mkononi, humfanya afumbe macho kabla ya kufyatua, na baada ya risasi chache tu hataki tena kukigusa. Rivolva nyepesi ni mbaya zaidi kwa anayeanza, kwa kuwa kifyatulio chake ni kizito na kidole hulazimika kukivuta mbali. Lakini ndiyo anayoshauriwa mara nyingi, ati kwa sababu ni rahisi. Ni rahisi kuielewa. Kuipiga kwa usahihi ni kazi ya mtu aliyebobea.

Bastola ya ukubwa wa kati ndiyo inayomfaa. Glock 19 ya Austria ina uzito wa takriban gramu 600 bila risasi na hubeba risasi 15. CZ 75, iliyobuniwa Chekoslovakia mwaka 1975, ni ya chuma na hukaribia kilo 1. Uzito huo huchosha kiunoni, lakini hutuliza silaha wakati wa kupiga. Anayepanga kuibeba kila siku ataegemea ya kwanza, na anayetaka mashindano ataipenda ya pili. Glock za kizazi cha nne, zilizotoka mwaka 2010, zina vipande vya nyuma ya mpini vinavyobadilishwa kulingana na mkono, na kampuni nyingine nyingi zina bastola za mtindo huo. Ni jambo la kuulizia dukani.

Kipimo chenyewe ni hiki. Silaha ikiwa imethibitishwa kuwa tupu, ashike mpini kwa mkono wa kulia, au wa kushoto kama ndio wake, panda ya kati ya kidole gumba na cha shahada ikae juu kabisa nyuma ya mpini. Mtutu unyooke sawa na mfupa wa mkono. Sasa aweke kidole cha shahada kwenye kifyatulio bila kuuzungusha mpini kiganjani. Nyama ya ncha ya kidole ikifika katikati ya kifyatulio, bastola inamfaa. Ikiwa ncha inagusa ukingoni tu, au imebidi ahamishe mkono ili afike, aiweke chini hata kama ni zawadi.

Baadaye ajaribu slaidi, yaani kile kipande cha juu kinachorudi nyuma kila risasi inapotoka. Wanawake wengi huambiwa hawana nguvu ya kuivuta, wakati shida iko kwenye namna ya kushika. Anayevuta kwa ncha za kidole gumba na cha shahada, mikono ikiwa imenyooshwa mbele, atashindwa hata kama ni mwanamume. Bastola isogezwe karibu na kifua, mdomo wa mtutu ukielekea upande salama. Kiganja kizima kikamate slaidi kutoka juu, nyuma ya tundu la kutolea maganda, kisha mkono wenye mpini usukume mbele kwa nguvu huku ule wa juu ukiwa umetulia. Mwanamke anayebeba ndoo ya lita 20 kutoka kisimani nguvu hizo anazo. Mwenye baridi yabisi au vidole vilivyoumia anaweza kutafuta bastola zenye springi laini, kama zile za Smith & Wesson zilizoanza kuuzwa mwaka 2018.

Risasi

Risasi ya milimita 9 ndiyo chaguo la busara Kenya. Ilibuniwa na Georg Luger mwanzoni mwa karne ya 20 na leo imeenea duniani kote. Kiwanda cha serikali cha Eldoret nacho huitengeneza. Risasi ya .380 hurudisha mkono kwa nguvu ndogo kuliko hiyo, lakini bastola zake nyingi ni ndogo, na faida hiyo hupotelea kwenye wepesi wa silaha. Kwa siku za mwanzo za mafunzo hakuna kinachoishinda .22. Kishindo chake ni kidogo, haitishi, na mwanafunzi hujifunza kulenga kabla hajajifunza kuogopa. Mkufunzi anayempa mgeni bunduki nzito siku ya kwanza ili aone atakavyoruka hafai kufundisha mtu yeyote.

Mazoezi

Kaunti ya Kiambu ina bahati ya kuwa na uwanja wa shabaha wa Kirigiti, karibu na mji wa Kiambu. Kutoka Ruiru hufikiwa kwa barabara inayokatiza mashamba ya kahawa. Hapo hufanyika mashindano ya IDPA, mchezo wa bastola ulioasisiwa Marekani mwaka 1996, na wanawake wa Kenya hushiriki. Mchezo huo unamfaa sana anayeanza, kwa sababu hutumia bastola na ala za kawaida, na humzoesha mtu kutoa silaha, kusogea na kuamua asipige.

Mlio wa bastola hupita desibeli 140, kiwango kinachoweza kuharibu masikio kwa risasi moja, kwa hiyo vizibo vya masikio na miwani ni lazima. Moshi na vumbi la uwanjani vina madini ya risasi, ile sumu inayopenya hadi kwa mtoto tumboni. Mjamzito asiende uwanjani kabisa, na anayenyonyesha atafute ushauri wa daktari. Wengine wote wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kula na wabadilishe nguo kabla ya kumbeba mtoto.

Kubeba na kutunza

Mavazi ya kike hayakushonwa kwa ajili ya bastola. Gauni halina mkanda, na suruali nyingi hazina hata vitanzi imara. Ndiyo maana wengi hukimbilia mkoba wa begani. Lakini mkoba ndio kitu cha kwanza kunyakuliwa kwenye stendi ya Thika jioni, na ukinyakuliwa mwizi ameondoka na silaha. Humo pia funguo na kalamu huweza kuingia kwenye kifyatulio. Desemba 2014, dukani huko Idaho, Marekani, mtoto wa miaka 2 alitoa bastola kwenye mkoba wa mamake, ikafyatuka, mama akafa. Mkanda mgumu na ala ya plastiki ngumu inayofunika kifyatulio chote, vikivaliwa ndani ya nguo, ndivyo vya kutegemewa. Ikishindikana, bastola ibaki kwenye sefu.

Sefu yenyewe ifungwe kwa bolti ukutani. Nyumba nyingi za Ruiru ni vyumba vya ghorofa vilivyobanana. Ukuta wa mawe ya machimbo ya Ndarugo huzuia mengi, lakini mlango wa mbao na dirisha la kioo havizuii risasi, na ng'ambo ya mlango kuna watoto wa jirani. Anayefikiria kupiga risasi ndani ya nyumba ya namna hiyo ajue kabla ya usiku huo ni upande gani hawezi kupiga kamwe.

Kuna jambo zito zaidi. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba kati ya wanawake na wasichana waliouawa kwa makusudi duniani mwaka 2023, asilimia 60 waliuawa na wenzi wao au jamaa zao. Januari 2024 Wakenya waliandamana Nairobi na miji mingine kupinga mauaji ya wanawake, na mengi ya mauaji hayo yalitendwa na watu waliofahamika. Mwanamke anayeishi na mwenzi mwenye mkono mwepesi, akileta bastola nyumbani, anampelekea mwenzi huyo silaha. Kwake yeye hatua ya kwanza ni kuondoka na kupiga ripoti kituo cha polisi. Ombi la cheti lisubiri mpaka awe na mlango wake na ufunguo wa sefu ambao hakuna mwingine anayeujua.

Kwa aliyebaki na nia baada ya kusoma haya, ajifunze kwanza chini ya mkufunzi, apige .22 mpaka mkono utulie, ashike bastola za kati za aina mbalimbali, ndipo ajaze fomu. Asiyeweza kupata muda wa mazoezi ya mara kwa mara asinunue.