Anwani za IP: Namba zinazoongoza rekodi za mizani hadi kiwandani

MKULIMA wa majani chai wa Kericho au Bomet hulipwa kwa kilo. Malipo yake ya kila mwezi pamoja na bonasi hutegemea kumbukumbu za mizani. Katika vituo vingi vya kununulia chai, mizani ya kielektroniki imechukua nafasi ya ile ya kuning'iniza, na rekodi zake huishia katika kompyuta za kiwanda. Kwa hivyo, mpangilio wa mtandao wa kompyuta si jambo la mafundi pekee.

Kila chombo kilichounganishwa na mtandao, kiwe kompyuta, printa au kamera ya usalama, hutambuliwa kwa anwani ya IP. Anwani ya mfumo wa kale, IPv4, ina namba nne zilizotenganishwa kwa nukta, kila moja kati ya 0 na 255. Mfano ni 192.168.10.70.

Anwani hiyo ina sehemu mbili, mithili ya anwani ya posta. Sanduku namba 70 laweza kuwapo Kericho na Bomet vilevile, lakini barua hazichanganyiki kwa kuwa msimbo wa Kericho ni 20200 na wa Bomet ni 20400. Vivyo hivyo, sehemu ya kwanza ya anwani ya IP hutaja mtandao, na ya pili hutaja chombo ndani ya mtandao huo.

Mpaka baina ya sehemu hizo huonyeshwa na namba iitwayo sabneti maski. Ikiwa ni 255.255.255.0, namba tatu za kwanza hutaja mtandao na ya mwisho hutaja chombo. Hapo hupatikana anwani 256. Ya kwanza ni jina la mtandao wenyewe na ya mwisho hutumiwa kutangazia vyombo vyote, hivyo husalia 254.

Tuchukue mfano wa kiwanda kinachotaka kutenga idara nne: uhasibu, mizani, kamera na wageni. Maski ikigeuzwa kuwa 255.255.255.192, mtandao hugawanyika mara nne, kila sehemu ikiwa na anwani 64, ambazo 62 kati yake hupewa vyombo. Sehemu ya kwanza huanzia 0 hadi 63, ya pili 64 hadi 127, ya tatu 128 hadi 191, na ya nne 192 hadi 255. Basi chombo chenye 192.168.10.70 kimo katika sehemu ya pili, yaani ya mizani.

Vyombo vya sehemu moja huwasiliana moja kwa moja. Vya sehemu tofauti hupitia ruta. Hata hivyo, kugawa anwani peke yake hakufungi mlango. Sharti ruta iwekewe kanuni za nani apite, na swichi nazo zitenganishe sehemu hizo, la sivyo simu ya mgeni yaweza kuifikia kompyuta ya uhasibu.

Anwani zinazoanza kwa 192.168 au 10 zilitengwa mwaka 1994 kwa matumizi ya ndani, pamoja na zile za kuanzia 172.16 hadi 172.31. Litein na Mogogosiek zaweza kutumia anwani zilezile bila kugongana, maadamu mitandao yao haijaunganishwa. Ikiunganishwa, moja hulazimika kupangwa upya.

Mpango huo ulisaidia kuokoa anwani za IPv4, ambazo jumla yake ni takriban bilioni 4.3. Akiba kuu ya dunia iligawiwa mashirika ya kanda mwezi Februari 2011. Afrika huhudumiwa na AFRINIC, yenye makao nchini Mauritius. Mfumo mpya, IPv6, una anwani nyingi mno kuliko hizo, kwa kuwa hutumia biti 128 badala ya 32.

Hitilafu ya kawaida ni vyombo viwili kupewa anwani moja. Mawasiliano hukatika mara kwa mara, na rekodi huchelewa kufika. Dawa yake ni nyepesi: kiwanda kiweke daftari la anwani zote, na asiwepo fundi atakayeunganisha chombo kipya kabla ya kulitazama.