Zimwi Lisilotujua: Adui Anapoingia, Hadithi Inageuka

Leo tuweke siasa pembeni kidogo. Nataka tuzungumzie katuni. Ndiyo, katuni! Najua wapo watakaosema huyu mwandishi kaishiwa habari za kuandika. Nivumilieni, kuna mahali napapeleka.

Mwaka 2016 nilikuwa mwanafunzi pale UDOM. Jioni moja ya kiangazi, upepo unavuma na vumbi limejaa hadi kwenye meno, umeme ukakatika. Tulikuwa watatu tumebanana kitanda kimoja, tunasoma Dragon Ball ya Akira Toriyama kwenye kompyuta ya jamaa yangu huku tukiiangalia chaji inavyoteremka. Tulikuwa tunacheka. Mpaka hapo ilikuwa hadithi ya kuchekesha: mtoto mwenye mkia, mzee mwalimu asiye na adabu, na watu wenye majina ya vyakula. Kuna adui anaitwa Pilaf, yaani pilau hii hii yetu, na kila anachopanga kinamharibikia. Mashindano ya ngumi yakaisha, wote wakawa wanajiandaa kwenda kula.

Goku, ambaye ndiye steringi, akakumbuka kwamba amesahau vitu vyake ukumbini. Rafiki yake Krillin akasema, acha nikakuchukulie. Akaenda. Ukasikika ukelele. Walipofika wakamkuta amelala chini, amekufa.

Muuaji hayupo. Hatujamwona. Kilichobaki ni karatasi yenye alama moja ya maandishi ya Kijapani ndani ya duara, alama yenye maana ya pepo mbaya. Yule mzee mpenda mizaha akaiangalia ile karatasi na sura ikambadilika. Kwa mara ya kwanza katika hadithi nzima tukamwona anaogopa.

Pale kitandani hakuna aliyecheka tena. Jamaa yangu akauliza kwa sauti ya chini, "Sasa huyu ni nani?" Na hapo hapo chaji ikaisha...

Tangu siku ile swali moja halijanitoka. Kurasa chache zinawezaje kuigeuza hadithi ya miaka mitatu kutoka kichekesho kuwa hofu? Maana ilikuwa miaka mitatu. Dragon Ball ilianza mwishoni mwa 1984 katika gazeti la kila wiki la Weekly Shonen Jump, na Krillin aliuawa mwaka 1987. Msomaji wa Japani alisubiri wiki nzima kujua nini kinafuata. Sisi tulisubiri umeme wa TANESCO, naamini mnaelewa uchungu wake.

Tuwe wakweli. Hicho hakikuwa kifo cha kwanza. Kabla yake muuaji wa kukodiwa, Tao Pai Pai, alishamuua baba wa mtoto mmoja, na baadaye baba huyo akafufuliwa. Kwa hiyo kifo peke yake hakitoshi kuigeuza hadithi. Tao Pai Pai alikuja mchana kweupe, tukaiona sura yake na kulisikia jina lake. Huyu wa pili alitangulia kwa matendo, sura ikaja baadaye. Tulianza na maiti, ikafuata karatasi, ikafuata hofu ya mzee, kisha jina: Piccolo. Na hata aliyemuua Krillin hakuwa Piccolo mwenyewe. Alikuwa mtumwa wake tu. Hapo msomaji anapiga hesabu kichwani: kama mtumwa ni huyu, bwana wake yukoje?

Kuna jambo jingine nililigundua baadaye nikabaki natabasamu. Piccolo alikuwa amefungiwa kwa miaka mingi ndani ya chombo cha kupikia wali. Unajua nani alimfungulia? Pilaf! Adui wa kuchekesha ndiye aliyefunua chungu, akatoka adui asiyechekesha. Na adui huyu hakuja na jina la chakula. Piccolo ni filimbi, na watumwa wake wana majina ya ala za muziki. Hata majina yalibadilika. Pilaf mwenyewe alidhani amepata mshirika, kumbe ameishiwa kazi. Adui wa aina ya kwanza hana nafasi katika hadithi ya aina ya pili.

Sasa turudi nyumbani.

Mjomba wangu anayeishi Majengo, hapa hapa Dodoma, ana sanduku la chuma chini ya kitanda. Ndani yake kuna magazeti ya Sani ya zamani, mengine yameliwa na mchwa. Kwa wadogo zangu mliozaliwa juzi: Sani lilikuwa gazeti la katuni na hadithi lililotamba tangu miaka ya 1980, wakati ule ule Goku anazaliwa kule Japani. Jina lake limeungwa kutokana na majina ya waanzilishi wake, Saidi Bawji na Nicco ye Mbajo. Mchoraji Philip Ndunguru akatupatia Lodi Lofa, Kipepe na Ndumilakuwili. Yeye alifariki mapema, katika miaka hiyo hiyo ya 1980, lakini wahusika wake waliendelea kuishi mikononi mwa wachoraji wengine. Kabla ya hao wote alikuwepo Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru.

Nilikaa siku nzima kwenye mkeka wa mjomba nikimtafuta Piccolo wetu ndani ya lile sanduku. Sikumpata.

Waovu nimewapata, tena wengi. Kuna matapeli, walevi, wake na waume wa watu, wajanja wa mjini. Ndumilakuwili jina lake tu linakutahadharisha! Lakini hapo ndipo penye jibu. Adui wa Sani anaingia na jina linalomtangaza, na msomaji anamtambua kwa sababu anaishi naye mtaani. Ni yule karani anayetaka chochote, au yule jirani anayekopa halafu harudishi. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Waovu wa Sani ni mazimwi yanayotujua. Watatutafuna, lakini watabakiza kidogo, na wiki ijayo tutakutana nao tena na kuwacheka.

Nilipomwambia mjomba hivyo akaniangalia kwa huruma. "Mjomba wangu," akasema, "wewe ulikuwa hujazaliwa. Tulikuwa tumetoka kwenye foleni za sukari na sabuni. Ungetuletea pepo mbaya tungemfanyia nini? Tulitaka kumcheka yule aliyeficha sukari."

Nikanyamaza. Nilikuwa nimekwenda na swali la sanaa, yeye akanijibu kwa historia.

Hata hivyo, adui wa kutisha alikuwepo. Alikuwa kwenye riwaya. Elvis Musiba alipotoa Kufa na Kupona mwaka 1974 na kumtambulisha mpelelezi Willy Gamba, msomaji wa Dar es Salaam hakuhitaji kufundishwa maana ya adui asiyeonekana. Mji ulikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya OAU tangu 1963. Na tarehe 3 Februari 1969 kiongozi wa FRELIMO, Eduardo Mondlane, aliuawa hapo hapo Dar kwa bomu lililotumwa ndani ya kifurushi cha kitabu. Mkono wa muuaji ulifika, sura yake haikufika. Ukilisoma tukio hilo kisha ukasoma riwaya za kijasusi za miaka ile, utaelewa kwa nini hazina utani mwingi.

Lakini kisa kilichonikalia rohoni zaidi kinatoka huku kwetu uwanda wa kati, tena ni cha zamani kuliko Musiba na Toriyama.

Bibi yangu mzaa mama alizaliwa Singida. Usiku, moto ukishapungua, alikuwa akitusimulia habari za watu simba. Hakuanza na simba hata siku moja. Alianza na mbwa aliyeacha kubweka. Halafu mlango uliokutwa wazi, halafu kiatu kimoja njiani. Simba mwenyewe alikuja mwishoni kabisa, na kuna usiku hakuja, bibi alikwenda kulala akatuacha hivyo hivyo. Ndiyo usiku ambao hatukuthubutu kutoka nje hata kwa haja ndogo. Bibi hakuwahi kuona manga maishani mwake!

Nilidhani ni ngano. Nilipoanza kazi hii ya habari ndipo nikajua kwamba ni historia. Kati ya 1946 na 1948, katika wilaya ya Singida, wakati huo ikiwa ndani ya Jimbo la Kati ambalo makao yake makuu yalikuwa Dodoma, watu wengi walikutwa wamekufa, miili yao imeraruliwa kama kwamba na simba. Wengine wakasema ni simba wa kweli. Wengine wakasema ni watu waliovaa ngozi za simba. Wengine wakasema ni wachawi wanaofuga simba na kuwatuma. Serikali ya kikoloni ikaingia, watu wakakamatwa, wakashtakiwa, na baadhi yao wakanyongwa. Wanahistoria hadi leo hawakubaliani kuhusu nini hasa kilitokea.

Hebu iangalie hadithi hiyo kwa jicho la mchora katuni. Ina maiti, ina alama za makucha, ina hofu kwenye nyuso za wazee. Kila kitu kipo isipokuwa sura ya adui. Na nafasi ya sura ikiachwa wazi, watu hawawezi kuiacha hivyo. Wataijaza. Watamweka yule mzee anayeishi peke yake, au yule mgeni, au yule waliyegombana naye shamba. Toriyama alipoiacha nafasi ile wazi alikuwa anajua kwamba ataijaza mwenyewe katika matoleo yajayo. Kule Singida ilijazwa na majirani, wapelelezi na mahakimu, na mwisho wake ulikuwa kitanzi. Kama miongoni mwa walionyongwa alikuwemo asiye na hatia, basi aliuawa na hadithi ambayo ilikuwa haijakamilika.

Nilisema siasa tuziweke pembeni. Nimeshindwa, nisameheni.

Tarehe 7 Septemba 2017 nilikuwa kwenye mafunzo kwa vitendo katika chumba kimoja cha habari hapa Dodoma. Mchana zikaja taarifa kwamba Tundu Lissu, wakati huo mbunge wa Singida Mashariki, amepigwa risasi nyumbani kwake hapa mjini. Usiku ule akasafirishwa kwenda Nairobi. Alipona, lakini waliompiga risasi walibaki bila sura. Miaka ikapita bila mtu kufikishwa mahakamani kwa tukio lile. Tukawa tunaandika maneno mawili ambayo mwaka ule kila Mtanzania aliyazoea: WATU WASIOJULIKANA.

Nakumbuka jioni ile nilipanda daladala na hakuna aliyeongea. Wanaoijua Dodoma ya wakati wa Bunge wanajua kwamba daladala zetu hazinaga ukimya. Nilikumbuka kile kitanda cha hosteli. Ukimya ulikuwa ule ule, isipokuwa safari hii hapakuwa na ukurasa wa mbele wa kufungua. Kwa wiki nzima kila kijiwe kilikuwa na sura yake ya kuweka kwenye ile nafasi. Kila mtu alikuwa na uhakika. Mimi mwenyewe nilikuwa na uhakika! Nikaandika rasimu yenye vidokezo vya kutosha kumfanya msomaji ajaze jina nililolitaka mimi, bila mimi kulitaja. Nilijiona fundi.

Mhariri wangu, mama mmoja mkali, aliisoma mpaka mwisho. Akaniuliza swali moja tu: "Mwanangu, unajua, au unasimulia?"

Rasimu ile haikutoka. Nilikasirika siku kadhaa. Baadaye nikamkumbuka bibi, na nikawakumbuka wale wa Singida.

Basi hii ndiyo tofauti niliyojifunza, nami nimeipata kwenye katuni kabla ya kuipata darasani. Mtunzi anapomwingiza adui gizani anaweka deni kwa msomaji: vumilia, sura inakuja. Hofu ile ni tamu kwa sababu deni litalipwa. Piccolo alikuja, tukamwona, Goku akapigana naye, na waliokufa wakafufuliwa. Mwandishi wa habari hana toleo lijalo mkononi. Akitumia ufundi ule ule wa giza na vidokezo bila ushahidi, anakopa asichoweza kulipa, na watakaolipa ni watu wengine. Kazi yetu ni ngumu zaidi na haina utamu: kuandika kilichojulikana, kutaja kisichojulikana kuwa hakijulikani, na kuendelea kuuliza hata kama watu wamechoka kusikia swali.

Toriyama alifariki tarehe 1 Machi 2024. Siku habari zilipotufikia nilimpigia yule jamaa yangu wa hosteli, siku hizi ni mwalimu Manyoni. Tuliongea kwa muda mrefu. Mwishoni akaniuliza kama nakumbuka ile jioni chaji ilipoisha. Nikamwambia naikumbuka vizuri sana. Akasema usiku ule hakulala, alikuwa anamfikiria muuaji asiye na sura.

Nikamwuliza, "Uliipa sura ya nani?"

Akacheka kidogo, halafu akasema: "Ya mtu niliyemfahamu. Na hakuwa amenikosea kitu."

Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.