P2 Ina Umri Kutushinda

Ingia kemisti yoyote hapa Mbita, utaskia msichana akinong'ona: "P2." Wengi tunadhani ni kitu ya juzi. Zii! Jina lilitoka kwa Postinor-2, dawa ya kampuni ya Gedeon Richter ya Hungaria. Mwaka 1995 mashirika 7 yaliungana kuileta nchi zinazoendelea. Za kwanza kuchaguliwa zilikuwa 4: Kenya, Meksiko, Indonesia na Sri Lanka. Yaani dawa ilitangulia, wengi wetu tukazaliwa baadaye, lakini maelezo bado yako njiani. Inazuia mimba ukimeza ndani ya saa 72, na mapema ni bora. Haitoi mimba. Haizuii Ukimwi, na hapa ziwani hiyo si stori ndogo. Kwa hivyo usinong'one, siz. Uliza.