Nani Alisema Kukhu Hajui Kuonja?

Mmeona zile video. Msee ameshika glasi ya waini kwa mguu wake, anaizungusha, anaingiza pua ndani, halafu anatangaza ati anasikia harufu ya ngozi na beri nyeusi. Kwa komenti, nusu wanasema huyo ana klasi, nusu wanacheka. Swali langu ni lingine: ni nani alituambia kuonja kinywaji na kukipima ni ujuzi uliokuja na ndege? Mimi niliacha chuo, sina cheti cha kuonja chochote, lakini historia husomwa hata nje ya darasa. Na kama hujafika miaka 18, soma tu, usionje.

Tuanze hapa kwetu, Kibabii, Kimilili mpaka Kitale. Busaa hupikwa hivi: unga wa mahindi unakandwa na maji, unaachwa siku kadhaa uchachuke, unakaangwa juu ya moto hadi uwe kahawia, halafu unachanganywa na maji na kimea cha wimbi. Baada ya siku chache chungu kinatokota bila moto. Wazee wanakizunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu, lusekhe, wenye kichujio mwishoni. Na mirija si ushamba. Huko Iraki, kwenye kaburi la Malkia Puabi wa Ur, kulipatikana michoro ya miaka kama 4,500 iliyopita ikionyesha watu wa ikulu wakivuta pombe kwa mirija vilevile.

Sasa cheki vile kukhu, yaani nyanya yako, anaipima. Imeiva ama bado? Uchachu wake unaamsha mdomo ama unakwaruza koo? Unga ulikaangwa vizuri ama uliungua? Ni nzito kiasi gani? Bado iko hai, inatoa mapovu, ama imelala? Ukienda kwa kozi za waini utaulizwa karibu maswali hayohayo: rangi, harufu, uchachu, utamu, uzito, na ladha inabaki mdomoni kwa muda gani.

Hata mapovu ni sayansi moja. Chachu inakula sukari, inatoa pombe na hewa ya kaboni. Chungu kiko wazi, hewa inatoroka. Shampeni imefungwa ndani ya chupa, hewa inabanwa, ndiyo maana kifuniko kinaruka. Na wakati wa yule mtawa Dom Pérignon, aliyefariki 1715, mapovu yalihesabiwa kama kasoro kwenye divai, na yeye mwenyewe alipambana kuyazuia. Baadaye matajiri wa London na Paris wakayapenda, na kasoro ikageuka kuwa sifa. Kinywaji ni kilekile. Kilichobadilika ni nani anakisifu.

Huku kwetu sifa zilipangwa kwa rangi ya ngozi. Reli ilifika Kitale 1926, walowezi wakiwa tayari wamechukua ardhi ya Trans Nzoia. Mabukusu wengi waliingia kwenye mashamba hayo kama vibarua. Sheria ya mkoloni ilimkataza Mwafrika kununua vinywaji vya Wazungu. Angeweza kumbebea bwana chupa hadi mezani, lakini akiinunua ni kosa. Pombe yake mwenyewe nayo ikawekewa vibali na faini. Wamisionari wa Quaker, waliofika Kaimosi 1902, wakahubiri kwamba pombe yote ni dhambi. Kwa Wakatoliki wa Kibabii, divai ilikaa altareni. Mtoto aliyekua hapo alifundishwa kitu bila kuambiwa: cha chupa ni heshima, cha chungu ni aibu.

Tukapata uhuru, aibu ikabaki. Mwaka 1980 chang'aa ikapigwa marufuku kabisa, na msako ulipokuja hakuna aliyeangalia sana kama kwenye mtungi ni chang'aa ama busaa. Sheria ya 2010 ilifungua mlango kidogo, lakini inataka leseni na viwango ambavyo mama wa kijijini hawezi kuvifikia kirahisi. Kumbuka ni huyo mama ambaye sufuria yake imelipia watu wengi karo. Na pombe ikifichwa vichakani, wazee wa kuipima hawapo tena. Inabaki ya kulewesha haraka.

Na wale majaji wa waini tunaowaogopa? Tarehe 24 Mei 1976, Steven Spurrier aliwaalika waonjaji wa Ufaransa huko Paris, akawapa divai bila kuwaonyesha lebo. Za California zikashinda, nyeupe na nyekundu. Halafu 2001 ikachapishwa ripoti ya utafiti wa Bordeaux: wanafunzi 54 wa somo la waini walipewa divai nyeupe iliyotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu. Wakaielezea kwa maneno ya divai nyekundu. Sisemi ni waongo. Nasema macho yao yalitangulia ulimi, kama vile sisi lebo hututangulia.

Kwa hivyo kama wewe ni mtu mzima na uko na glasi ya waini, ya Naivasha ama ya Dodoma, wachana na beri ambazo hujawahi kuona. Sema inanuka zambarau. Sema ni kali kama ukwaju, ama inakumbusha mapera yaliyoiva sana. Hayo ni maelezo halali, na mtu wa Bungoma atakuelewa mara moja.

Lakini kazi kubwa iko nyumbani. Ripoti za waini zimejaa maktaba. Vipimo vya busaa viko kwenye vichwa vya kina kukhu, na wanatuacha mmoja mmoja. Agosti ya mwaka wa kutahiri, pombe ya sherehe ikipikwa, usichukue tu video za wachezaji. Kaa na mpishi, muulize amejuaje kwamba imeiva, urekodi jibu kwa maneno yake, kwa Kibukusu. Una simu, una bando. Tumia.