Mashine Moja, Watu Wengi: Ujumbe wa "Huna Ruhusa" Ulivyofika Lulindi

Anayejaribu kuweka programu mpya kwenye kompyuta ya shule au ya chama cha msingi cha ushirika huku Lulindi, mkoani Mtwara, mapema au baadaye hukutana na ujumbe uleule: huna ruhusa, muone msimamizi. Na msimamizi ni nani? Mara nyingi ni mwalimu aliyekwisha kuhamishiwa wilaya nyingine, au fundi wa Masasi mjini aliyeiandaa mashine siku ilipofika, akaondoka na neno la siri kichwani mwake. Dawa inayotolewa haraka vibandani, kuanzia Masasi hadi Newala, ni kupiga Windows upya. Mashine inafutwa na kuanza moja. Kosa linaondoka kweli, lakini linaondoka na orodha za wanafunzi, hesabu za msimu wa korosho na barua za miaka mingi. Hasara hiyo haina ulazima wowote, na anayejua ujumbe huo ulikotoka huweza kuutatua bila kufuta kitu.

Ulitoka mahali palipofanana na Lulindi kwa jambo moja: mashine ilikuwa moja, waliokuwa wakiihitaji walikuwa wengi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, mtafiti wa chuo cha MIT nchini Marekani alitoboa kazi yake kwenye kadi, akazikabidhi kwa mhudumu wa kompyuta, kisha akasubiri majibu kwa saa nyingi, pengine hadi kesho yake. Mwaka 1961 Fernando Corbató na wenzake walionyesha mfumo uliokata foleni hiyo. Uliitwa CTSS, nao uliigawa kompyuta kwa vipande vidogo vya muda, hata watu kadhaa wakaitumia kwa pamoja, kila mmoja akiona kama ni yake peke yake. Faili za watu wote zikawa zimelala mahali pamoja. Ndipo kila mtu akapewa jina lake na neno lake la siri.

Ulinzi huo ulivunjwa mapema mno. Allan Scherr, mwanafunzi wa udaktari pale MIT, alikuwa amegawiwa saa 4 kwa wiki, nazo hazikumtosha kumaliza utafiti. Mwaka 1962 akagundua kwamba faili yoyote inaweza kuchapwa kwa kupeleka ombi la kadi, akaomba ichapwe faili yenye maneno ya siri ya wote. Ilichapwa, naye akaendelea kufanya kazi kwa saa za wenzake. Alikuja kukiri miaka 25 baadaye. Kisa hiki kinanigusa kwa sababu najua vijana wa sekondari zetu wenye njaa hiyohiyo, darasa zima likigombea mashine chache, kipindi kimoja kwa wiki.

Kutoka CTSS kukazaliwa mradi mkubwa zaidi, Multics, ulioanza katikati ya muongo huo kwa ubia wa MIT, kampuni ya General Electric na maabara za Bell. Bell walijitoa mwaka 1969. Wawili kati ya watu wao, Ken Thompson na Dennis Ritchie, wakaandika mfumo wao mdogo, Unix, ambao sheria zake za ruhusa ndizo tunazoishi nazo hadi leo. Kila faili ina mwenyewe. Baadaye pakaongezwa kikundi, na nje ya kikundi wapo watu wengine wote. Kila mmoja wa hao watatu anaweza kupewa au kunyimwa mambo matatu: kusoma, kuandika na kuendesha.

Mkulima wa korosho hahitaji maelezo marefu hapa. Tangu stakabadhi ghalani ilipoanza mkoani Mtwara katika msimu wa 2007/2008, anajua kwamba gunia likishapokelewa, mtunza ghala analilinda lakini si lake, chama chake cha msingi kinaliona kwenye vitabu, na mpita njia hana neno juu yake. Hata mwenyewe halitoi kwa kulibeba tu begani. Lipo utaratibu wa kulitoa. Faili kwenye kompyuta ya watu wengi ipo hivyohivyo.

Juu ya watumiaji wote Unix iliweka mmoja asiyezuiwa na chochote, anayeitwa ruti. Hapo pakaja tatizo ambalo Ritchie alilitatua kwa ustadi. Mtumiaji wa kawaida anayetaka kubadili neno lake la siri analazimika kugusa faili ambayo ni ruti tu anayeruhusiwa kuiandika. Ritchie akabuni alama inayowekwa juu ya programu yenyewe, ili inapoendeshwa ifanye kazi kwa mamlaka ya mwenye programu badala ya mamlaka ya aliyeiita. Mtu anapata uwezo kwa kazi moja, kisha unakwisha. Hati ya ubunifu huo aliiombea mwaka 1973 na kuipata 1979. Karibu mwaka 1980, Bob Coggeshall na Cliff Spencer, katika chuo kikuu cha jimbo la New York mjini Buffalo, waliutumia msingi huo kuandika amri ya sudo, inayomwezesha mtu aliyeaminiwa kufanya kazi moja kwa mamlaka ya ruti bila kuishi humo kutwa nzima.

Tanzania ilikuwa wapi wakati huo? Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa mwaka 1965 Wizara ya Fedha, Dar es Salaam. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni, na taasisi iliyotaka mashine ikalazimika kuomba kibali maalumu. Kwa hiyo miaka ileile Unix ilipokuwa ikisambaa katika vyuo vya ng'ambo, kijana wa Kitanzania alikuwa na nafasi finyu ya kukaa mbele ya mashine ya watu wengi na kujifunza adabu zake. Mlango ulianza kulegea miaka ya 1980, na kompyuta ziliingia kwa wingi miaka ya 1990.

Zilizoingia zilikuwa za ukoo mwingine kabisa. MS-DOS ya mwaka 1981, na Windows 95 iliyokuja baadaye, zilitengenezwa kwa kudhani kwamba mashine ina bwana mmoja, iko mezani kwake, na lolote analoamuru ni halali. Faili hazikuwa na mwenyewe. Programu iliweza kuandika popote, hata juu ya mfumo wenyewe. Kizazi cha kwanza cha mafundi wetu kilijifunza kazi kwenye mashine hizo, na naamini mazoea ya kufuta na kupiga upya yalizaliwa hapo, kwa kuwa mfumo wa namna hiyo ulipoharibika hakukuwa na dawa nyepesi zaidi.

Windows NT ya 1993 ilikuwa na ruhusa kamili, ila ililengwa maofisini. Mwaka 2001 Windows XP ikauleta msingi wa NT majumbani, lakini akaunti iliyofunguliwa wakati wa kuiweka ilipewa mamlaka yote ya msimamizi. Karibu kila mtu akafanya kazi kama ruti bila kujua. Virusi navyo vikafurahia mamlaka hayohayo. Conficker, aliyeanza kuenea Novemba 2008, alipita mitandaoni na pia kwenye flashi, na flashi ndiyo iliyokuwa barabara yetu kuu ya kubebea programu na nyaraka katika miaka ambayo intaneti ya mkoa wa Mtwara ilikuwa ya kubahatisha.

Januari 2007 Microsoft walianza kuuza Windows Vista kwa umma, na hapo ndipo ujumbe wa kunyimwa ruhusa ulipoingia rasmi katika maisha ya mtumiaji wa kawaida. Hata mwenye akaunti ya msimamizi sasa alianza kwa mamlaka madogo, na mashine ikamuuliza kila programu ilipotaka kugusa mfumo. Programu nyingi za zamani zilikuwa na tabia ya kuandika kumbukumbu zao ndani ya folda ya Program Files zilimowekwa. Vista ikazizuia, kisha kwa kuzihurumia ikazielekeza kimyakimya kwenye folda ya mtumiaji iitwayo VirtualStore. Ndiyo sababu hadi leo mhasibu anaweza kuona hesabu ambazo mwenzake, kwenye mashine hiyohiyo kwa akaunti nyingine, hazioni.

Upande wa programu huria, mwaka 2004 ulikuwa mwaka mwema. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux na kwa ushirikiano na kampuni ya IT+46 ya Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Oktoba mwaka huohuo ikatoka Ubuntu, mfumo wa Linux, wenye sheria za ruhusa za Unix, uliofunga akaunti ya ruti na kumfundisha kila mtumiaji kuandika sudo mbele ya kazi inayohitaji mamlaka.

Tukirudi Lulindi na mashine iliyokataa, la kwanza ni kujua ni nani amekataliwa na wapi. Kwenye Windows, bofya faili ya kusakinisha kwa kitufe cha kulia na uchague kuiendesha kama msimamizi. Akaunti ikiwa ya kawaida, itadai neno la siri la msimamizi. Kama halipo, angalia kwanza iwapo programu inakubali kuwekwa kwa mtumiaji mmoja tu, ndani ya folda yake. Kivinjari cha Chrome hukubali, na LibreOffice ina toleo linaloendeshwa hata kutoka kwenye flashi. Faili zilizotoka kwenye diski ya mashine nyingine hukataa kwa sababu mwenyewe amesajiliwa kwa namba isiyojulikana hapa. Msimamizi anaweza kuuchukua umiliki kupitia sifa za folda, sehemu ya usalama.

Kwenye Linux kama Ubuntu, programu za mfumo husakinishwa kwa amri za sudo na apt. Faili iliyopakuliwa ikikataa kuendeshwa, na chanzo chake ni cha kuaminika, mpe mwenyewe haki hiyo kwa amri ya chmod u+x. Anayeshauriwa kuandika chmod 777 akatae, kwa kuwa amri hiyo inampa kila mtu na kila programu haki zote tatu. Vifurushi vya lugha ya Python viwekwe katika mazingira yake ya pekee bila sudo. Na kama sudo ilitumika pasipohitajika hadi faili za nyumbani kwako zikawa za ruti, amri ya chown ndiyo inayozirudisha kwa mwenyewe.

Neno la msimamizi likiwa limepotea kabisa, kwa idhini ya mkuu wa shule au mwenyekiti wa chama, washa mashine kwa Linux iliyo kwenye flashi, nakili nyaraka zote nje, na baada ya hapo ndipo upige Windows. Njia hiyo hufaulu pale ambapo diski haijasimbwa, jambo linaloonyesha pia kwamba ruhusa za Windows hazimzuii mtu aliyeishika kompyuta mkononi. Mlango wa chumba cha kompyuta nao ufungwe.

Ila kazi kubwa ni ya makaratasi, na haihitaji fundi. Mtumishi anapohama huandika hati ya makabidhiano: funguo, viti, vitabu, mihuri. Neno la siri la msimamizi liingizwe humo, kwenye bahasha iliyofungwa na kusainiwa juu, ikae kabatini kwa mkuu, na anayepokea alibadilishe siku hiyohiyo mbele ya shahidi. Walimu na makatibu wapewe akaunti zao za kawaida, kila mmoja kwa jina lake, na wawili wajulikane kuwa wasimamizi ili mmoja akihama abaki mwingine.

Jambo hili lina haraka. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft walihitimisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, na mashine nyingi za zamani hazina vifaa vinavyotakiwa na Windows 11. Baadhi zitahamishiwa Linux, ambako kusakinisha programu ya mfumo bila msimamizi anayejulikana hakuwezekani tangu siku ya kwanza.