Diski Kubwa, Ringi Ndogo: Mini, Peugeot na Mteremko wa Kasenyi

Mwenye gari la zamani akilalamika kuwa breki zake hazishiki, ushauri wa kwanza atakaopewa ni afunge diski kubwa zaidi. Ushauri huo una msingi: pedi ikibana mbali na kitovu cha gurudumu, nguvu ileile ya mguu huzuia gari zaidi. Tatizo ni kwamba diski hukaa ndani ya ringi, na ringi za magari ya zamani ni ndogo. Chukua Corolla KE70, ile ambayo Wakenya huiita DX. Ringi yake ya inchi 13 ina kipenyo cha milimita 330 pale tairi linapokalia. Toa unene wa ringi yenyewe, toa kalipa inayoikumbatia diski kwa juu, na diski imebakiwa na milimita 250 hivi. Nafasi hiyo finyu kila nchi imeishughulikia kivyake, na fundi wa Mudzipela, hapa Bunia, ana haki ya kujua kila moja ilikuwa inatafuta nini kabla ya kuiiga.

Waingereza ndio waliobanwa kuliko wote. Alec Issigonis alipobuni Mini, iliyotoka mwaka 1959, aliipa ringi za inchi 10 ili nafasi ya ndani iwe ya abiria. Mini Cooper ya 1961 ilitengenezewa na Lockheed diski za inchi 7, kijidiski kweli. Miaka miwili baadaye ikaja Cooper S yenye diski za inchi 7.5. Kwa kipenyo peke yake, hiyo ni nyongeza ya asilimia 7 tu. Faida kubwa ilitoka kwingine: diski ilinenepeshwa, servo ikaongezwa, na ringi zikatobolewa matundu ili hewa ipite. Gari hilo likashinda mashindano ya rali ya Monte Carlo mwaka 1964, 1965 na 1967. Diski za inchi 8.4 zilipofungwa kwenye Mini 1275 GT mwaka 1974, ringi nazo zilibidi zipande hadi inchi 12. Tangu hapo wapenzi wa Mini wako kambi mbili: wanaokubali ringi kubwa, na wanaoshikilia inchi 10 na kununua kalipa nyembamba za alumini zenye pistoni nne, ili wapate milimita mbili tatu za kupumulia. Hawa wa pili nawaheshimu sana kwa ustadi wao. Ila milimita hizo zinawatosha kwa sababu wanatembea juu ya lami.

Hata Formula 1, yenye fedha zote zile, iliishi na ringi za inchi 13 hadi mwisho wa msimu wa 2021. Kanuni zilizuia diski zisizidi milimita 278. Magari yalipoongezewa kasi mwaka 2017, kipenyo hakikuguswa; diski ziliruhusiwa kunenepa kutoka milimita 28 hadi 32.

Afrika Mashariki ina mapokeo yake, na kwangu ndiyo yenye uzito zaidi. Mashindano ya magari ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953, yalitwaliwa na Peugeot 404 mara nne: 1963, 1966, 1967 na 1968. Mara mbili za katikati usukani ulikuwa mikononi mwa Bert Shankland wa Tanzania. Mwaka 1963 na 1968, Nick Nowicki na Paddy Cliff waliposhinda, ni magari 7 tu yaliyofika mwisho kila mara. Na 404 iliyokuwa ikiuzwa madukani miaka hiyo ilikuwa na dramu. Diski za mbele zilikuja baadaye, mwishoni mwa 1968. Sisemi dramu ni bora. Dramu ikipata moto hupanuka ikaikimbia shoo, na ikijaa tope hushika vibaya. Ninachosema ni kwamba kwenye matope na vumbi tairi hukosa mshiko upesi, hivyo nguvu kubwa ya breki hufunga gurudumu na gari likateleza. Dereva wa Safari alihitaji breki zilezile asubuhi na jioni.

Sasa tushuke nyumbani. Bunia iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Albert liko kwenye mita 620 hivi. Gari la kilo 1,200 likipita Bogoro na kushuka hadi Kasenyi, kando ya ziwa hilo, linapoteza kimo cha mita 600, na nishati yake ni karibu megajuli 7. Kama nishati hiyo yote ingeingia kwenye diski mbili za mbele zenye kilo 5 kila moja, na isitoke, chuma kingepanda joto kwa nyuzi zipatazo 1,500, kiasi cha kuyeyuka. Hakiyeyuki kwa sababu hewa huchukua sehemu, na dereva mwenye akili huiachia injini kazi kwa kushuka na gia namba mbili. Lakini mafuta ya breki hayasubiri hadi huko. DOT 3 mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205. Yakishanyonya unyevu huweza kuchemka kwenye 140. Yakichemka yanafanya povu, na pedali inazama hadi chini bila gari kusimama. Adui wa Kasenyi ni joto, na joto hubebwa na uzito wa chuma na hupunguzwa na hewa. Kipenyo husaidia, lakini ndicho kitu kigumu kuliko vyote kukipata ndani ya ringi ndogo.

Kwa nini basi tusiweke ringi kubwa kama Waingereza wa kambi ya kwanza? Kwa sababu gurudumu zima likibaki kimo kilekile, kila inchi unayoipa ringi unainyang'anya tairi. Tairi lenye shavu fupi likiingia shimoni linapeleka kishindo chote kwenye ringi. Barabara zetu za udongo mwekundu zinadai shavu refu.

Kuna jambo jingine ambalo mafundi wa Ulaya hawalazimiki kulifikiria sana. Ukitaka kujua nafasi iliyobaki, bandika tonge la udongo mbichi juu ya kalipa, funga gurudumu, lizungushe kwa mkono mzunguko mmoja, kisha lifungue upime udongo uliobaki. Kule, ukikuta milimita 3, kazi imekwisha. Hapa kwetu, kokoto inayorushwa na tairi ni kubwa kuliko hiyo. Ikinasa kati ya kalipa na ringi, inabaki pale ikichonga mfereji kwenye ringi kila gurudumu linapozunguka. Tope likikauka humo nalo hulitikisa gari zima. Na vipande vya risasi vya kusawazishia gurudumu, vikibandikwa kwa ndani, ndivyo vitakavyogonga kwanza. Kwa hiyo diski inayoingia kwa shida London haifai kabisa Mudzipela, hata kama imeingia.

Kwa KE70 ipo njia iliyokwisha kujaribiwa na wapenzi wengi wa gari hilo: kuhamishia mbele seti ya Corolla AE86, shokomzoba na habu zake, yenye diski za matundu ya hewa. Toyota yenyewe iliwahi kuuza AE86 zenye ringi za inchi 13, kwa hiyo vitu hivyo vinajuana. Wewe unayeagiza spea soko la Kisekka, Kampala, mpe anayekwenda ringi yako aibebe, diski na kalipa zipimwe humo kabla hajalipa. Na kabla ya hayo yote mwaga mafuta ya zamani, weka DOT 4 mapya, nunua pedi nzuri, uone kama bado unahitaji diski nyingine. Magari mengi hayatahitaji.