Muhogo wa Amani: Historia ya Kuwarithisha Watoto Wetu

Kila tunapokutana kuadhimisha tarehe 9 Desemba, mezani hapakosi muhogo. Upo wa nazi, upo wa kukaanga na pilipili, na pembeni kuna kisamvu cha karanga. Watoto wetu waliozaliwa hapa Birmingham wanaujua muhogo wa soko la Bull Ring, uliopakwa nta na kusafirishwa kutoka Costa Rica. Wana haki ya kutuuliza: hiki nacho ni chakula cha kwetu? Tunawajibu kwamba asili yake ni Amerika ya Kusini, na Wareno ndio walioleta Afrika. Lakini ipo sehemu kubwa ya historia yake iliyofanyika katika milima ya Usambara, na wengi wetu hatukufundishwa shuleni.

Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa kilimo pale Amani, Usambara Mashariki, mkoani Tanga. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza kikawa chini ya Waingereza. Wakati huo muhogo ulikuwa akiba ya njaa; wakulima katika wilaya nyingi walilazimishwa na serikali ya kikoloni kuupanda. Lakini akiba yenyewe ilikuwa inaugua.

Ugonjwa wa kwanza ni batobato. Majani hujikunja, hupata mabaka ya njano, na mizizi hudumaa. Ulielezwa kwa mara ya kwanza na Mjerumani Warburg mwaka 1894, kutokana na mihogo ya nchi yetu hiyo hiyo. Wa pili ni michirizi ya kahawia, ulioelezwa na H. H. Storey wa Amani mwaka 1936. Huu ni mbaya kwa namna yake: shamba linaweza kuonekana zuri kwa macho, lakini siku ya kuvuna mkulima anakata muhogo na kukuta ndani umeoza, una madoa makavu ya kahawia. Mwaka mzima wa jasho umepotea.

Magonjwa yote mawili yanaletwa na virusi. Wanaovibeba ni inzi weupe, wadudu wadogo wanaokaa chini ya jani. Na kwa kuwa muhogo hupandwa kwa pingili, ukikata pingili ya mti mgonjwa umeupanda na ugonjwa wake. Dawa hakuna. Sisi tunaofanya kazi wodini tunaelewa maana yake: ugonjwa usio na dawa, tegemeo ni kinga.

Kinga hiyo Storey na mwenzake R. F. W. Nichols waliitafuta katika mti ambao mama zetu wanaujua vizuri, ule unaotupa kisamvu cha mpira. Mti huo ni ndugu wa muhogo. Wajerumani waliupanda kwa ajili ya utomvu wa mpira, lakini bei ilipoanguka kabla ya vita, mashamba yakatelekezwa. Watafiti wa Amani walichukua chavua ya mmoja wakaipeleka kwenye ua la mwingine. Watoto waliopatikana walistahimili ugonjwa, ila mizizi yao haikufaa kuliwa. Basi wakawazalisha tena na muhogo, na tena, hadi kizazi cha tatu, kila mara wakibakiza miche yenye afya na mizizi mizuri. Kazi hiyo ilichukua takriban miaka ishirini.

Vitabu vinataja majina ya mabwana hao. Hatusemi hawakustahili. Lakini shamba la utafiti haliendeshwi na watu wawili. Wapo waliolima, waliopalilia, waliomwagilia na kulinda miche, nao walikuwa Waafrika, na majina yao ni nadra kuyakuta. Tunalijua jambo hilo kutoka kazini kwetu: ripoti hubeba jina la daktari mkuu, wakati aliyepima joto la mgonjwa saa tisa usiku hatajwi.

Mwaka 1948 utafiti wa mazao ulihamishiwa Muguga, karibu na Nairobi, na Amani baadaye ikawa kituo cha utafiti wa malaria. Katika miaka ya 1950 kazi ya muhogo ikasimama. Hata hivyo mbegu za Amani zilikuwa zimekwisha kupelekwa Ibadan, Nigeria. Huko, katika miaka ya 1970, zilitumika kuzalisha mihogo bora iliyoenea Afrika Magharibi. Katika miaka ya 1990, batobato kali ilipoteketeza mashamba ya Uganda na kuleta njaa, mihogo ya ukoo huo ndiyo iliyoletwa kuokoa jahazi. Mbegu iliyotoka kwetu ilikaa ughaibuni, ikarudi Afrika Mashariki wakati wa shida.

Na sisi? Tulipata uhuru mwaka 1961, tukiwa na wataalamu wachache sana. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na maabara za Muguga zikabaki Kenya. Ilibidi tujijenge wenyewe katika vituo kama Naliendele, Mtwara, na Ukiriguru, Mwanza.

Wakati huo wote wakulima wa kusini walikuwa na muhogo wanaouita Namikonga. Walipeana pingili, jirani kwa jirani, mama kwa binti. Watafiti wa siku hizi walipoupima vinasaba, wakakuta ni ule ule unaoitwa Kaleso pwani ya Kenya, na kwamba ni mtoto wa Amani. Kituo kilikuwa kimeacha kazi hiyo, faili zimefungwa, lakini wakulima hawakuutupa. Leo Namikonga unatumiwa kama mzazi wa mihogo mipya inayostahimili michirizi ya kahawia. Na wanaofanya kazi hiyo sasa ni wenzetu, mmojawao, Dk. Joseph Ndunguru, aliongoza kutoka Mikocheni, Dar es Salaam, uchunguzi wa virusi vya muhogo katika nchi kadhaa za Afrika.

Hata mji huu tunaoishi una nafasi katika elimu hiyo. Mwaka 1969 Profesa Jack Hawkes alianzisha katika Chuo Kikuu cha Birmingham masomo ya kuhifadhi mbegu za asili na ndugu zao wa porini, na wanafunzi walitoka nchi nyingi. Mtoto wetu anayependa sayansi hana sababu ya kudhani kwamba kilimo ni kazi ya waliokosa shule.

Tunaomba mambo mawili. Kwanza, tukienda likizo tusibebe pingili kwenye mabegi kutoka mkoa mmoja hadi mwingine. Ndivyo ugonjwa unavyosafiri. Pili, watoto wawapigie simu bibi na babu, wawaulize majina ya mihogo ya kijijini kwao: upi mtamu, upi mchungu, upi haushambuliwi, nani aliuleta. Wayaandike. Wazee wakiondoka na majina hayo, hakuna maabara itakayoyarudisha.

Waliotutangulia walisema Uhuru na Kazi. Waliotunza Namikonga waliifanya kazi hiyo bila kutajwa. Mwaka huu tukikaa mezani, tuwataje.